Tantalo wa Uwanja wa Ndege

Hata akiwa mikono mitupu, Mzee wa Viti alitembea kama anayemsukuma mtu. Mikono mbele kidogo, viwiko vimekunjwa, kichwa kimeinamia kulia ili aone njia juu ya bega la abiria ambaye hayupo. Dukani ndiyo ilikuwa balaa. Akishika kitoroli chenye mchele na maziwa alikizungusha kwenye kona polepole, akapunguza mwendo penye kizingiti, na siku moja nilimsikia kwa masikio yangu akikiambia, "Samahani, hapa patatikisika kidogo." Aliyekuwa akiombwa radhi ni mfuko wa vitunguu.

Sitaeleza alizaliwa mwaka gani wala ukoo wake ulitokea wapi. Sijui, na nikimuuliza mama yangu ataanzia kwa Nabii Adamu. Ninachojua ni kwamba tangu nipate akili (mama anasema bado sijapata) aliishi ghorofa ya chini yetu hapa Herndon, Marekani, kwenye haya majengo ya kupanga ambayo ndege zikipita juu yake vyombo hugongana kabatini. Kazi yake ilikuwa kusukuma viti vya magurudumu pale uwanja wa ndege wa Dulles. Alisukuma vikongwe, waliovunjika miguu, waliotoka kupasuliwa, na wale wazima kabisa wanaoomba kiti ili waipite foleni. Hao aliwatambua kwa viatu.

"Mgonjwa wa kweli kiatu chake kimelika upande mmoja," aliniambia. "Huyu wa leo soli zote mbili zalingana kama mapacha."

"Sasa Ami, si ungemshusha?"

"Nimshushe kwa nini? Aliyeomba kiti kachoka na kitu. Si lazima kiwe mguu."

Nilimwita Ami, kama watu wa pwani wanavyomwita baba mdogo, ingawa hatukuwa na damu moja. Watoto wote wa jengo walimwita Mzee wa Viti, na yeye aliitika. Alivaa kizibao cha rangi ya zambarau nzito walichopewa kazini, akakipiga pasi kila asubuhi mpaka mgongoni kikang'aa kama sufuria.

Ukweli wake ulikuwa ugonjwa. Sikukuu moja mama alimshushia maandazi, akasimama mlangoni akingoja sifa.

"Vipi, kaka, yako sawa?"

"Yamekauka," alisema akitafuna. "Lakini hiliki ipo."

Mama alipanda ngazi akibamiza kila kidato. "Yule angekuwa na mke," alimwambia baba, "angeshachinjwa."

Kuna harusi tulikwenda ng'ambo ya mto, Hyattsville, kwenye ukumbi uliokodiwa. Mshereheshaji, Mkenya mmoja mwenye maneno kama redio, akampa kipaza sauti aseme neno juu ya bwana harusi. Mzee wa Viti akasafisha koo. "Bwana harusi simfahamu sana. Ila leo kachelewa saa mbili, na bibi harusi kavumilia. Namwombea aendelee kuvumilia." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, Mkenya akapiga magoti kwa kucheka, "Wazee wetu wa Tanga, aki, ni noma!" Mimi nilikuwa karibu na meza yake, nikamwona usoni. Hakuwa anatania. Alikuwa anashangaa wanacheka nini.

Ukisema mlikuwa mia msikitini, alikurekebisha mlikuwa arobaini na wawili. Ukisema umemngoja saa nzima, alikuonyesha saa yake. Alikuwa mtu wa kuudhi sana, na niseme ukweli, nilimpenda kwa sababu hiyo. Mtu asiyeongeza chumvi ni rahisi kumtania.

Ratiba za ndege alizijua kama watu wengine wanavyozijua aya. Mkila naye jioni, kijiko kilisimama hewani.

"Ya Amsterdam hiyo."

"Umejuaje?" baba aliuliza kila mara.

"Inapanda kwa kusitasita. Imebeba watu wetu. Mizigo imezidi."

Kisha aliendelea kula. Yeye mwenyewe hakuwa amepanda ndege tangu ile iliyomleta, miaka tisa nyuma. Tena hakuwa ameingia hata mlangoni mwa ndege, na hapo ndipo palipokuwa na kichekesho, au hivyo nilidhani.

Ukiwa na abiria wa kiti unampitisha geti, unaingia naye kwenye ile korido ya bati inayoelekea kwenye ndege, mpaka mwisho. Pale korido inapogusana na ndege pana ufa, mpana kama kiganja. Kiangazi joto linapanda hapo pamoja na harufu ya mafuta. Januari upepo unakata vifundo vya miguu. Wasukumaji wengine wanavuka, wanamsaidia mzee wa watu mpaka kwenye kiti chake, wanamfunga mkanda, wengine hata wanapewa biskuti. Mzee wa Viti aliishia kwenye ufa. Hapo alimkabidhi mtu kwa mhudumu wa ndege, akainamisha kichwa, akageuka.

"Ule papa," aliniambia Mama Kongo, msukumaji mwenzake, mwanamke wa Lubumbashi mwenye mabega ya kubeba kabati, "anafika paka ku mulango ya aviyo, anasimama. Haingii hata kidogo. Nilimuuliza juu ya nini. Anasema, mlango si safari." Akapandisha mabega yake yale. "Miye naingia. Kule ndani baridi iko muzuri."

Nami nilimchokoza sana kwa hilo. "Ami, weka mguu mmoja tu. Mmoja! Nani atajua?"

"Mguu mmoja hauna paspoti," alisema.

Mama yangu alikuwa akiuza kahawa kwenye banda moja humo humo uwanjani, na kwa kuwa msimamizi wake alinipatia kibali cha mgeni cha kupita ukaguzi, nikitoka shule nilikuwa nakwenda kumngoja huko, nikifanya kazi za shule. Yaani nikiwa sizifanyi. Ijumaa moja nilichoka kutofanya kazi za shule, nikachukua khanga ya mama, nikajitanda gubigubi, nikakaa kwenye kiti cha magurudumu kilichoachwa karibu na choo, mgongo nimeupinda kama kikombe, nikaanza kuugua. Mama Kongo nilishampanga. Akaenda kumwita.

"Papa, kuja. Kuko mama mukubwa hapa, anasema Kiswahili. Umupeleke geti ya mwisho."

Akaja, nikaona ncha za viatu vyake chini ya upindo wa khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," nikajibu kwa sauti ya bomba lililokauka.

Nilijua hatua ya kwanza tu atanitambua, tucheke, yaishe. Akatoa breki. Tukaenda. Na Mzee wa Viti, ambaye nyumbani ulikuwa unamvuta maneno kama ndoo kisimani, akaanza kuzungumza.

"Nina mama wa umri wako," alisema nyuma ya kichwa changu. "Yuko Tanga. Ana sukari, na miguu yamsumbua. Kila Ijumaa nampigia, simu iko kwa jirani. Naye kila Ijumaa aniuliza neno moja tu, waja lini. Namwambia, karibu." Gurudumu moja lilikuwa linalia. "Ndilo neno pekee nisemalo siku hizi ambalo sijui kama ni kweli."

Jasho lilinitoka ndani ya khanga. Nikataka kuruka, lakini ungerukaje? Ungesema nini ukishatua?

"Dua ya msafiri hairudi, mama," akasema. "Ukifika huko juu, niombee niende nikamwone."

Nikanguruma kitu. Nadhani nilisema inshallah. Njia ile ya mageti haikuwahi kuwa ndefu kama siku ile. Tulipofika geti la mwisho akafunga breki, akaja mbele yangu, akainama kwa adabu. "Tiketi yako, mama?"

Nikafunua khanga.

Alinyooka, akanitazama. Sikuona hasira. Ingekuwepo hasira ningejua la kufanya. Hasira za watu wazima nina uzoefu nazo.

"Kumbe hukuniombea," alisema.

Akanisukuma kunirudisha njia ile ile yote, nikiwa nimekaa vile vile, khanga mapajani, watu wakinitazama. Mama aliuliza kanitoa wapi. "Alikuwa abiria," alijibu, na hilo kwake lilikuwa kweli. Mama hakuhitaji zaidi, alinifinya mpaka nikaongea lugha zote.

Wakati huo huo shuleni mwalimu wetu wa Kiingereza alikuja na boksi la viatu lenye vikaratasi. Kila mtu achomoe jina moja la Kiyunani cha kale, akasome, kisha asimame aeleze mtu huyo alikuwa nani na neno gani la Kiingereza limetokana naye. Rafiki yangu akapata yule jitu aliyebebeshwa mbingu mabegani, ambaye jina lake ndilo tunaloita vitabu vya ramani, atlasi. Mimi nikachomoa Tantalo. Alikuwa mfalme, akawakosea miungu, wakamsimamisha ziwani, maji yakimfika kidevuni na matunda yakining'inia juu ya kichwa. Akiinama anywe, maji yanatoweka. Akinyoosha mkono achume, upepo unayapeperusha matawi. Basi ni hivyo milele. Kutokana na jina lake Waingereza wakapata kitenzi, tantalize.

Nyumbani niliuliza Kiswahili chake.

"Si kurusha roho?" mama akasema.

"Kurusha roho ni wivu," baba akapinga. "Hiyo ni kutamanisha."

"Kutamanisha mtu aweza kupata. Huyu wake hapati."

"Basi kumtamanisha bure."

"Bure gani, na amesimama kwenye maji?"

Nikawaacha. Mimi sikuhitaji neno, nilikuwa na mtu mzima ghorofa ya chini. Nilisimama mbele ya darasa nikawaigizia ule mwendo, mikono mbele, kichwa kulia, mpaka kwenye ufa. Nikakabidhi mgonjwa. Nikageuka. Nikarudi na mgonjwa mwingine. Nikageuka. Darasa lilikufa kwa kicheko. Kuna mvulana aliteleza kutoka kwenye kiti. Mwalimu mwenyewe alikuwa anafuta macho aliponiuliza, "Na kosa lake lilikuwa nini?"

Sikuwa nimesoma ukurasa wa pili wa kitabu. Nikasema, "Alimwambia mama yangu maandazi yake yamekauka." Wakacheka hata wasiojua andazi ni nini. Nilipata alama za juu kabisa, na nilizistahili.

Machi mwaka huu aligonga mlango wetu mchana wa Jumamosi, kizibao hakuvaa. Katika jengo letu mimi ndiye msomaji wa barua za serikali. Wazazi wanajua Kiingereza cha kazini, lakini kile cha barua kina pembe. Alikuwa na fomu. Jirani yake wa Tanga alimpigia: mama kalazwa, mguu umeoza kidole, madaktari wanasema huenda wakakata.

Nieleze hapa mambo yalivyokuwa, maana mimi mwenyewe nilieleweshwa siku hiyo. Alipokuja aliomba hifadhi, na kesi yake haijaamuliwa hadi leo. Akitoka bila ruhusa, kesi imekwisha na harudi tena. Asiporudi, sindano za sukari za mama yake hazina mnunuzi. Zilikuwa zinatoka kwenye vile viti. Lakini ruhusa ya kutoka na kurudi yaweza kuombwa ukiwa na jambo zito, kama mzazi aliye mahututi. Ndiyo hiyo fomu.

"Sababu ya safari," nikasoma.

"Mama yangu ni mgonjwa."

Nikaandika. "Jina kamili la mama."

Akalitaja. Nilipofika herufi ya tatu, akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Futa."

"Jina?"

"Futa mama."

Nilidhani mzaha, nikafurahi, nikasema Ami umejifunza. Hakucheka. Akanieleza akiitazama meza. Wiki zake za kwanza, wenzake walimpeleka kwa mtu mmoja. Kila jamii ya wahamiaji ina mtu kama huyo, si wakili wala karani, anajaza fomu kwenye meza ya kulia chakula na watu wanamwita Bwana Fomu. Bwana Fomu akamwambia, mtu mwenye mama hurudishwa kwa mama. Andika huna mtu. Basi kwenye baba akaandika marehemu, na hilo lilikuwa kweli. Kwenye mama akaandika marehemu. Chini akatia sahihi kwamba yote aliyoandika ni kweli tupu.

"Na mama alikuwa hai?"

"Asubuhi ile alikuwa amenipigia kuuliza kama nimekula."

Nikasema, "Kwa hiyo serikalini…"

"Serikalini sina mama mwaka wa tisa huu. Nitaombaje ruhusa ya kwenda kumuuguza maiti?"

Mimi nina jibu la kila kitu, waulize walimu wangu. "Tuandike shangazi," nikasema. "Shangazi aliyekulea."

Alinitazama kama nimetema mate kwenye chakula. "Nimeshamuua. Sasa nimshushe na cheo?"

"Basi sema ukweli! Waambie ulikosea."

"Nimemuuliza wakili, yule wa bure wa kanisani. Kasema ukiwaambia ulidanganya hapa, watauliza, na wapi pengine?" Akaikunja fomu mara mbili, kisha tena mara mbili. "Kwetu wanasema maneno huumba, mwanangu. Mimi sikusema tu. Niliandika. Mwaka ule ule sukari ikampanda."

"Sukari haijui mambo ya fomu, Ami."

"Wewe wajua sukari yajua nini?"

Akaondoka na fomu yake ikiwa ndogo kama kibiriti. Nikakaa pale nikifikiria maandazi, na harusi ya Hyattsville, na wale arobaini na wawili wa msikitini. Mtu huyu alikuwa anaziba kila tundu la jahazi ambalo limeshazama. Halafu nikachukua kile kitabu cha Wayunani nikasoma ukurasa wa pili. Kosa la Tantalo lilikuwa hili: alimuua mtoto wake mwenyewe, akampika, akawaandalia miungu mezani. Nilitaka kumwambia mwalimu kwamba lile jibu langu lilikuwa kosa. Sikwenda. Ningeanzia wapi?

Mama yake Mzee wa Viti hakufa. Alikatwa vidole viwili, akarudi nyumbani.

Bibi yangu alikuwa kwetu mwaka mzima kwa ajili ya macho yake. Ni wa Tanga, nyumba tatu tu kutoka kwa mama yake Mzee wa Viti, na huniita mke mwenzangu, kama bibi wa pwani waitavyo wajukuu wao wa kike. Kila asubuhi alinilaumu kwa kumwibia mume. Juni, shule zilipofungwa, ikaamuliwa mimi ndiye nimrudishe nyumbani. Mzee wa Viti alibadilishana zamu na Mama Kongo ili amsukume yeye mwenyewe.

"Taratibu," bibi alimwambia njia nzima. "Mimi si gunia la nazi."

Tukaingia kwenye yale mabasi ya ajabu ya Dulles yanayokuvusha kutoka jengo hadi jengo, tukafika getini, tukaingia koridoni. Watu nyuma yetu, mabegi, watoto wakilia. Kwenye ufa akafunga breki.

"Twende basi, mwanangu," bibi akasema.

"Mimi naishia hapa, bi mkubwa."

"Unaishia hapa una nini? Mlango huo hapo. Inua mguu."

"Sina ruhusa."

"Ya nani?"

"Ya serikali."

Bibi, na macho yake mapya, akatazama kushoto, akatazama kulia. Palikuwa na mhudumu mmoja, binti mdogo, anatabasamu. "Serikali iko wapi? Mimi simwoni mtu."

Nikacheka. Nisamehewe, nilicheka, na yeye pia nusura acheke, nikaona mdomo ukimcheza. Foleni nyuma ikaanza kuguna.

"Haya, nimwambie nini mamaako?"

Akaikagua breki. Ilikuwa imefungwa. Abiria mmoja nyuma akasema kitu kwa Kiingereza kuhusu watu na muda wao.

"Mwambie ale kwa wakati," alisema hatimaye.

"Hilo tu?"

"Na sindano asiziruke."

Mhudumu akachukua kiti. Nilipogeuka kumuaga, mikono yake ilikuwa bado mbele, imeshika mahali pale pale. "Nitamwona, Ami," nikamwambia.

"Mwangalie vizuri," alisema. "Nitakuuliza."

Siku ya nne Tanga nilikwenda. Mama yake ni mwembamba, mweupe wa nywele, anakaa barazani juu ya kiti cha plastiki, mguu umefungwa kitambaa safi. Nikamwamkia, nikajieleza mimi ni nani, nikamwambia naishi jengo moja na mwanawe.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema, akanishika mkono. "Alizikwa wapi?"

Nikadhani sikusikia. "Nani, bibi?"

"Mwanangu. Wenzio wananificha. Wewe ni mtoto, hutanidanganya. Alizikwa wapi?"

"Hajafa! Mzima wa afya! Mwezi huu huu kanisindikiza uwanjani!" Nikatoa picha, amesimama nyuma ya kiti, kizibao kinang'aa. Akaisogeza machoni, akaibusu, akaiweka mapajani.

"Picha hata wafu wanazo."

"Si anakupigia kila Ijumaa?"

"Yupo mtu apiga. Kijana mwema, Mungu amlipe. Lakini sauti ya mwanangu ilikuwa nene. Hii imechakaa. Nikimuuliza waja lini, asema karibu, na mwanangu hakuwa mwongo." Alikuwa ananieleza polepole, kama mtu anayemfariji mfiwa, na mfiwa ni mimi. "Mama kalazwa, kakatwa vidole, asije? Aliye hai huja, mjukuu wangu. Asiyekuja ni mfu tu. Nilipotoka hospitali nikamsomea hitima. Yule kijana wa simu sikumwambia. Asije akaona haya, akaacha kupiga."

Nikasimama. Nilikuwa na kitu kimoja tu duniani ninachokijua vizuri kuliko watu wote. Nikashuka uwanjani kwake nikamwigizia mwendo wa mwanawe: mikono mbele, viwiko, kichwa kulia. Nikaenda mpaka kwenye mpapai, nikarudi. Sijawahi kuuigiza vizuri vile. Jirani alitoka jikoni kutazama.

Mama yake alinitazama mpaka mwisho, kwa heshima.

"Huyo simjui," alisema.

Nikaapa. Nikalia pia, tuyaache. Akanipapasa shavu. "Umefundishwa vizuri. Waambie waliokutuma, nimeshukuru."

Nyumbani bibi yangu alikuwa amekaa amejiinamia. "Mimi nimemwambia siku tatu mfululizo, mke mwenzangu. Anisikiliza, kisha anipa pole."

Nilirudi Agosti. Nilipotoka kwenye ukaguzi wa mizigo, kabla sijamwona mama wala baba, nilimwona yeye kwenye ukumbi mkubwa, akimsukuma babu mmoja wa Kimarekani mwenye kofia. Naye akaniona. Akakielekeza kiti kwangu, akafunga breki.

"Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Mguu?"

"Umepona. Anatembea na fimbo. Sindano haziruki."

"Alisemaje?"

Ndani ya ndege nilikuwa nimetunga uongo wa aina tatu, mmoja wa salamu, mmoja wa machozi, mmoja wa vyote. Nikatoa wa kwanza. "Anakusalimu sana."

"Mwanangu," alisema, "miaka tisa naishi na mmoja. Usiniongezee wa pili."

Basi nikamwambia. Nilimwambia haraka, Kiswahili na Kiingereza vikikanyagana, alizikwa wapi, picha, sauti iliyochakaa, hitima, kijana mwema wa simu. Yule babu wa kofia alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine kama anayefuata mpira.

Mzee wa Viti akatoa breki. Akaifunga tena.

"Walikuja watu wengi?"

"Jirani anasema uwanja ulijaa. Walikodi turubai."

"Walipika?"

"Pilau. Mbuzi wawili."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa habari za shughuli ya jirani iliyofana.

"Ijumaa ndiyo keshokutwa," alisema. "Nikipiga, niwe nani?"

Sikujua. Hata sasa ninapoandika sijui, na Ijumaa kadhaa zimeshapita, na sijathubutu kushuka kumuuliza alijibu nini. Babu akageuza shingo, akauliza kwa wasiwasi kama ndege yake imeshaondoka.

"Bado," Mzee wa Viti akamwambia, akiitazama saa yake. "Dakika arobaini na moja." Akatoa breki, wakaenda.